Omba Fedha za Kupanga Kabla ya Fedha za Kujenga

Mfadhili akifika kwenye nchi kavu na kuuliza wananchi wanataka nini, jibu hutoka haraka: kisima. Ni jibu la haki, maana kiu haingoji mjadala. Lakini kisima kirefu kikichimbwa katikati ya malisho ya masika, mahali ambapo mifugo ilizoea kunywa kwenye madimbwi ya mvua na kuondoka yakikauka, mifugo hiyo haitaondoka tena. Itakaa hapo mwaka mzima. Nyasi zitaliwa hadi kwenye mizizi, udongo utakanyagwa ugande, na mvua ijayo itateleza juu yake kama juu ya bati. Ukame ukiingia, maji yatakuwepo na ng'ombe watakufa kwa njaa kando ya birika. Haya yametokea mara nyingi kaskazini mwa Kenya na katika nyika za Tanzania, na aghalabu waliolipia kisima walikuwa na nia njema kabisa.

Ushauri wangu kwa kamati za wadi, halmashauri za vijiji, vyama vya wafugaji, jumuiya za watumia maji na vikundi vya wakulima ni huu: kabla hamjaomba fedha za kujenga chochote juu ya ardhi yenu, ombeni fedha za kupanga.

Fedha hizo zipo, ingawa hazitangazwi kwa kelele. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza mwaka 1992 chini ya UNDP, imekuwa ikivipa vikundi vya kijamii ruzuku ambayo kikomo chake kwa miaka mingi kilikuwa dola 50,000. Kabla ya hiyo kuna ruzuku ya maandalizi, isiyozidi dola 5,000, ambayo vikundi vingi huiruka kwa kuiona ni kidogo. Hiyo ndogo ndiyo inayolipia mikutano, ramani na uandishi wa andiko lenye maana, na kikundi kilichoitumia vizuri hurudi kwa mfadhili kikiwa na jambo la kuonyesha. Mifuko mikubwa ya kimataifa nayo ina fedha za namna hii. Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi hutoa ruzuku za kuandaa miradi, na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliamua mwaka 2016 kutenga hadi dola milioni 3 kwa kila nchi kwa ajili ya kuandaa mipango ya kuhimili. Fedha za mifuko hii mikubwa hazifiki kijijini moja kwa moja. Hupitia taasisi zilizoidhinishwa. Kwa Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, Kenya hutumia NEMA, mamlaka yake ya mazingira, na Tanzania hutumia NEMC, baraza lake la mazingira. Kwa hiyo msipoteze miezi mkiandikia makao makuu ng'ambo. Andikeni kwa taasisi ya nchi yenu, mkiuliza swali moja mahususi: katika programu mnazoandaa sasa, ni lini na kwa njia gani wilaya au kaunti yetu inaweza kuingizwa?

Mfano unaonipa matumaini kuliko yote ni wa Isiolo. Waborana wa eneo la Waso huitunza ardhi yao kwa mfumo wa dedha: kuna malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, na akiba ya ukame mkali isiyoguswa mpaka wazee waseme. Wazee hao ndio wanaoamua mifugo ihame lini, na visima vipi vifungwe wakati wa mvua ili nyasi zinazovizunguka zipumzike. Kwa miongo mingi utaratibu huo ulidharauliwa na serikali na miradi, kila mmoja akichimba maji alipotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, NDMA, ile mamlaka ya Kenya ya kukabiliana na ukame, pamoja na shirika la wenyeji la Resource Advocacy Programme na taasisi ya utafiti ya IIED ya Uingereza, walianzisha mfuko wa tabianchi wa kaunti. Wananchi walichagua kamati zao za wadi, na kamati zikapanga matumizi. Pamoja na kukarabati vyanzo vya maji, baadhi ya fedha zilikwenda kwenye mikutano na doria za wazee wa dedha. Yaani fedha za tabianchi zililipia usafiri na chakula cha watu waliokwenda kuhakikisha kwamba akiba ya ukame haivamiwi.

Mkaguzi wa kawaida wa miradi angeona huko ni kutawanya pesa kwa posho. Mimi naona ni matumizi bora kuliko saruji. Kwenye ardhi ya malisho, kinachozuia maafa ni kanuni inayotiiwa, na kanuni haitiiwi isipokuwa kuna watu wanaokutana, wanaotembea na wanaosikilizwa. Watu hao wana gharama. Andiko lenu likiwa na ujasiri wa kusema hivyo waziwazi, mtakuwa mmetimiza nusu ya kazi.

Kutoka Isiolo utaratibu huo ulipelekwa Garissa, Kitui, Makueni na Wajir. Makueni iliweka kanuni za mfuko wake mwaka 2015 na kuutengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikafuata mwaka 2016 kwa sheria yenye asilimia 2. Mgawanyo uliotumika ni wa kukumbukwa: asilimia 70 kwa miradi iliyochaguliwa na wadi, asilimia 20 kwa miradi ya kaunti nzima, na asilimia 10 kwa uendeshaji. Tanzania nayo ilijaribu mfumo unaofanana katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Kisha mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa Kenya unaojulikana kama FLLoCA, unaosimamiwa na Hazina ya Taifa. Mpango huo una ruzuku za aina mbili kwa kaunti. Ya kwanza ni ya kujenga uwezo, yaani sheria, kamati, tathmini na mipango. Ya pili ni ya uwekezaji wenyewe. Angalieni mpangilio huo vizuri: waliotunga mpango mkubwa namna hiyo walitanguliza kupanga, tena kwa ruzuku yake yenyewe.

Kwa msomaji wa Kenya, basi, mlango wa kwanza uko makao makuu ya kaunti. Nendeni mkaombe nakala ya tathmini shirikishi ya hatari za tabianchi na ya mpango wa hatua za tabianchi wa kaunti yenu. Ni nyaraka za umma. Tafuteni wadi yenu ndani yake. Ikiwa imetajwa kwa mstari mmoja wa jumla, hiyo ndiyo hoja yenu: kaunti ilipewa fedha za kupanga, na sehemu yetu haikupangwa. Ikiwa imeelezwa vizuri, nukuuni kurasa hizo katika andiko lenu, kwa sababu mpitiaji anayeona kwamba ombi limetokana na tathmini iliyokwisha kulipiwa hulichukulia kwa uzito mwingine.

Kabla hamjaandika hata sentensi moja kuna swali ambalo wengi hulikwepa kwa sababu linauma: nani mwenye mamlaka ya kuamua juu ya ardhi hii? Mpango wa kuhimili ukame ni mpango wa kumwambia mtu asichunge hapa, asikate miti pale, aache ukanda wa mto. Asiye na mamlaka hawezi kusema hivyo, hata akiwa na ruzuku. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, inayotaka jamii isajiliwe na mkutano wake mkuu uchague kamati ya usimamizi yenye watu kati ya 7 na 15. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambao mkutano mkuu wa kijiji lazima uuridhie. Kama hatua hizi hazijakamilika kwenu, msizifiche. Ziwekeni ndani ya andiko kama sehemu ya kazi: upimaji wa mipaka, mikutano ya maridhiano na jirani, ada za usajili. Fedha za kupanga zinaweza kulipia hayo, na fedha za kujenga haziwezi.

Kiteto, mkoani Manyara, inaonyesha faida ya kupanga kwanza. Wilaya hiyo imepitia mapigano makali ya wakulima na wafugaji. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viligundua kwamba mpango wa kila kijiji peke yake ungekata malisho vipande vipande, wakati ng'ombe wa vijiji vyote vitatu hutegemea nyasi na maji yale yale. Kwa msaada wa mradi wa nyanda za malisho, na kwa ushiriki wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, vikafanya mpango wa pamoja na kutenga eneo la malisho la zaidi ya hekta 20,000, vikaliita OLENGAPA kwa silabi za majina yao. Kikaundwa chama cha wafugaji cha kulisimamia, na hati za kimila zikafuata. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu na ilihitaji mikutano mingi ya mipaka. Kijiji kimoja kingeomba lambo peke yake, kingelipata upesi zaidi, na kingewaletea majirani sababu mpya ya kugombana.

Nimekaa sana kwenye malisho, lakini mashamba yana jambo lile lile kwa sura nyingine. Korongo linalokula shamba la mtu wa bondeni lilianzia kwa mtu wa mlimani ambaye hakuchimba matuta ya fanya juu. Bwawa la mchanga kwenye mto wa msimu halitahifadhi maji ikiwa malori yanachota mchanga usiku. Ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, mwaka ule ule wa kanuni za mfuko wake. Shinyanga inajulikana kwa ngitili, maeneo ambayo Wasukuma huyafunga mvua inapoanza ili nyasi na miti irudi, kisha huyafungua kiangazi kikikolea. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986, iliurudishia nguvu utaratibu huo mpaka zaidi ya hekta 300,000 zikapata uoto tena. Penye ngitili kazi kubwa ilikuwa makubaliano ya kufunga na kufungua. Mpango wenu upimwe hivyo: je, una makubaliano ndani yake, au ni orodha ya vitu vya kununua?

Sasa andiko lenyewe. Wapitiaji husoma maandiko mengi yanayoanza na aya ndefu kuhusu ongezeko la joto duniani. Rukeni hiyo. Anzeni na ardhi yenu: mwaka wa kawaida unakwendaje, mifugo iko wapi mwezi gani, mto hukauka lini, nani hulima wapi. Kisha semeni kilichobadilika, kwa matukio yanayojulikana. Nchi kavu za Kenya zilipita misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa; mwishoni mwa 2023 mafuriko yakafuata katika maeneo mengi yale yale. Elezeni hayo yaliwafikaje ninyi: akiba gani ya malisho iliisha mapema, njia ipi ya kuhamia ilikuwa imezibwa na mashamba au ua, chanzo gani cha maji kilisombwa. NDMA hutoa taarifa ya hali ya ukame kila mwezi kwa kila kaunti kati ya kaunti 23 za nchi kavu. Kusanyeni za miaka michache mziweke kando ya kumbukumbu za wazee. Tanzania, taarifa za TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na kumbukumbu za ofisa ugani wa kata zitawasaidia vivyo hivyo. Pale takwimu na kumbukumbu zinapopishana, semeni zimepishana; mpitiaji makini ataona mmefanya kazi.

Ramani ni sehemu ambayo sipendi kuiona ikiachiwa mtaalamu peke yake. Choreni kwanza chini, kwa vijiti na mawe, mkiwa na wachungaji vijana wanaojua nyasi ziko wapi leo, na wazee wanaojua kanuni, na kina mama wanaojua vijito vidogo ambavyo hakuna mwanamume aliyevitaja. Kutaneni na kina mama peke yao pia, saa ambayo hawako majini wala jikoni. Isiolo walianza na michoro ya jamii, kisha wakaihamishia kwenye picha za setilaiti, na ramani zikawa lugha moja kati ya wazee na maofisa wa kaunti. Lakini andikeni ndani ya mkataba kwamba ramani na taarifa zake ni mali ya jamii, na kwamba maeneo ya siri au ya akiba hayatachapishwa bila idhini yenu. Ramani nzuri ya malisho humvutia pia anayetafuta ardhi ya kunyakua.

Kwenye bajeti ndiko mipango mingi hufia. Andiko likinifikia mkononi, naanza na ukurasa huo, na mara nyingi nakuta zaidi ya nusu ya fedha ni ya mshauri mwelekezi atakayekuja kwa wiki mbili na kuondoka na kumbukumbu zote kwenye kompyuta yake. Kwa maoni yangu mshauri asichukue zaidi ya robo, na malipo yake ya mwisho yasitoke mpaka awe amesoma rasimu mbele ya mkutano, kwa lugha ya watu, na kujibu maswali. Zilizobaki ziende kwenye usafiri wa kuwafikia walio kwenye makambi ya mifugo, chakula cha mikutano, mkalimani, karatasi, uchapaji wa ramani kubwa za kubandika ukutani, na ada za upimaji. Kadirieni bei za kweli za mahali penu; mpitiaji anayejua bei ya dizeli hatawasamehe makadirio ya kubuni. Kazi ya mikono yenu, ukumbi wa shule, muda wa wazee, viwekeni kama mchango wenu kwa thamani ya fedha.

Pangeni pia muda wa kutosha. Mpango wa ardhi ulioandikwa kwa miezi mitatu umeona msimu mmoja tu. Mkutano ukiitishwa wakati wa palizi wakulima hawatakuja. Ukiitishwa kiangazi kikali, wachungaji wako mbali na mifugo. Ombeni mwaka mzima, na duru mbili za mikutano, moja wakati wa mvua na nyingine wakati wa kiangazi. Hata kama mfadhili ana haraka ya kufunga hesabu zake, mwelewesheni kwa staha kwamba ardhi hii ina misimu na kila msimu una watu wake.

Mambo ya usajili nitayapitia upesi. Vikundi vya Kenya viwe vimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022; vya Tanzania vipitie halmashauri. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na kumbukumbu za vikao ziwe kwenye daftari moja lenye saini za waliohudhuria. Kikundi ambacho hakina kumbukumbu za vikao hakina historia machoni pa mfadhili.

Tahadhari moja nzito. Siku hizi wanakuja watu na mikataba ya kaboni, wakiahidi kulipia "mpango wa ardhi" bure. Ruzuku ya kupanga haiwafungi. Mkataba wa kaboni unaweza kuwafunga kwa miongo kadhaa na kuamua mtachunga wapi. Marekebisho ya mwaka 2023 ya sheria ya tabianchi ya Kenya yanataka mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, chini ya makubaliano ya maendeleo ya jamii. Si kila mkataba ni mbaya, lakini msimkubalie anayetaka kununua awe ndiye anayewapangia. Fanyeni mpango wenu kwanza, kwa fedha zisizo na masharti ya biashara, ndipo mkae naye mezani mkiwa mnajua ni ekari zipi hamwezi kuziachia.

Mpango ukikamilika, uwahi kalenda ya serikali, la sivyo utalala kabatini. Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mapendekezo yenu yamfikie mwakilishi wadi na idara husika kabla ya Septemba, wala msingoje vikao vya Aprili ambako hesabu zimeshafungwa. Tanzania, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele vya kijiji hupita kwa njia ya fursa na vikwazo kwa maendeleo, kisha kata, kisha halmashauri; hakikisheni muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha mpango umefika kwa mtendaji wa kata mapema. Acheni pia sehemu ndogo ya bajeti, ile ambayo wengi huitumia kwenye sherehe ya uzinduzi, kwa kikao cha mapitio baada ya msimu mbaya wa kwanza, kwa sababu ndipo mtakapojua kanuni gani ilishika na ipi ilivunjwa.

Mkikataliwa, andikeni barua fupi ya heshima kuomba maoni ya wapitiaji. Taasisi nyingi huyatoa zikiombwa, na kwa kawaida dosari huwa moja au mbili: mamlaka ya ardhi hayakuelezwa, au bajeti haikulingana na kazi. Rekebisheni hizo, ongezeni kumbukumbu za vikao mlivyofanya tangu andiko la kwanza, na mlipeleke tena mwito unaofuata ukitangazwa.